Kuposti Picha za Mlimani na Kukabiliana na Wapondaji: Mwongozo Kamili

Kila baada ya sikukuu napokea ujumbe wa aina ileile. Mtu kapanda Usambara, au kazunguka ukingo wa kasoko ya Longonot kule Kenya, kapiga picha mia tatu na kuposti kumi. Kabla hajala cha usiku, mtu asiyemjua kamwandikia: "Kawaida sana. Upeo umepinda, rangi za kalenda." Wapo wanaofuta picha zote papo hapo. Wapo wanaogombana na mtu huyo mpaka usiku wa manane. Na wapo wasioposti tena kabisa. Hao wa mwisho ndio wananiuma zaidi, maana mara nyingi ndio waliofika mahali ambako wengi wetu hatutafika.

Nimeshasoma ujumbe wa namna hii mara nyingi, na kosa ni lilelile: sisi tunaposti safari, watu wanaona picha. Ukiitazama picha yako ya Irente, lile jabali la Lushoto, unakumbuka baridi ya alfajiri, kiatu kilicholowa na chai ya tangawizi uliyokunywa baada ya kushuka. Anayeitazama hana hayo. Ana kioo cha simu, na kidole chake kimeshaanza kusogeza. Akisema picha ni ya kawaida, wewe unasikia kwamba safari yako ndiyo ya kawaida. Hatua zilizo hapa chini zinatenganisha vitu hivyo viwili, kuanzia kule mlimani mpaka kwenye komenti.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye kamera unayoifahamu. Kamera kubwa si lazima.
- Kitambaa laini kikavu cha kufutia lenzi. Usitumie fulana yenye jasho, inapaka mafuta na taa zote zinatoa miale.
- Pawabenki. Baridi inashusha chaji haraka, kwa hiyo simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.
- Programu moja ya kuhariri picha. Snapseed ni ya bure na inatosha.
- Daftari dogo, au sehemu ya kuandika kwenye simu.
- Watu wawili wa kukukosoa kabla ya umma: mmoja anayejua picha, mwingine anayejua mahali. Huyu wa pili watu wengi hawana, na pengo lake linaonekana.

Kama una droni, uliza kibali mapema. Ndani ya hifadhi za taifa hairushwi kiholela, na komenti ya kwanza itakuwa ya mtu anayeuliza kibali chako kiko wapi.

## Hatua ya 1: Jua jua liko wapi

Huku kwetu karibu na Ikweta, jua la saa sita mchana linasimama utosini. Vivuli vinajificha chini ya vitu vyenyewe, na mlima unakosa mabonde na migongo. Unatoka bapa kama karatasi. Ndiyo maana picha nyingi zinazoitwa "kawaida" zilipigwa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri.

Piga kuanzia jua linapochomoza mpaka kama saa mbili na nusu, na tena kuanzia saa kumi jioni. Jua la pembeni linachora kila mkunjo wa mlima. Kwa milima kama Kilimanjaro kuna sababu nyingine: kilele huonekana zaidi alfajiri na jioni, na mchana mawingu hupanda na kukifunika.

Chukua Irente, pale juu ya Lushoto. Jabali limeelekea magharibi, chini kuna Mazinde na mashamba ya mkonge, na tambarare inayopotelea kwenye vumbi. Jioni jua liko mbele yako: rangi ni nzuri, lakini bonde linakuwa jeusi tii. Asubuhi jua liko mgongoni, ila kwanza kivuli cha mlima wenyewe kinalala juu ya tambarare, na inabidi usubiri kijivute. Picha ni mbili tofauti, kwa hiyo amua unataka ipi kabla hujapanga saa ya kutoka kitandani.

Namna ya kupiga: futa lenzi. Washa mistari ya gridi kwenye mipangilio ya kamera. Gusa anga kwenye kioo, ushikilie mpaka kamera ijifunge hapo (isibadilishe mwanga yenyewe), kisha shusha mwanga kidogo. Sababu ni kwamba sehemu yenye giza unaweza kuiangaza baadaye, lakini anga lililokuwa jeupe pe halina kitu ndani yake cha kurudisha.

Tahadhari: usirudi nyuma ukiwa unaangalia kioo. Kwenye majabali ya Usambara hakuna ukingo wa kukushika. Panga picha ukiwa umesimama, na ukitaka kusogea, shusha simu kwanza.

Umefaulu ukiona: mawingu yana umbo, na unaweza kuhesabu migongo ya milima mmoja nyuma ya mwingine.

## Hatua ya 2: Andika majina ukiwa palepale

Andika jina la mahali, saa, na upande uliokuwa umeelekea. Muulize mwenyeji aliyewaongoza jina la kilele, la kijiji na la mto, na umwombe akutajie herufi kwa herufi.

Hatua hii inachukua dakika tatu na inakuepusha na nusu ya lawama. Nimeona Mawenzi, kilele kingine cha Kilimanjaro, ikipostiwa kama Kilele cha Uhuru, na watu mia wakapeana zamu ya kumzomea aliyeposti. Mawenzi ni ile yenye meno, mita 5,149. Uhuru iko juu ya Kibo, mita 5,895. Picha yenyewe ilikuwa nzuri sana, na hakuna aliyeizungumzia.

Ukipiga picha yenye mtu, mwombe ruhusa na umwambie itakwenda wapi. "Shikamoo bibi, naomba kupiga picha shamba lako na wewe ukiwemo, nitaiweka mtandaoni" ni sentensi moja tu. Akikataa, geuza simu. Mtoto piga tu kama mzazi amekubali.

## Hatua ya 3: Chagua baada ya kulala

Usichague picha ukiwa kwenye basi la kurudi. Miguu bado inauma, kila picha ina hadithi, na zote zinaonekana nzuri. Subiri walau usiku mmoja.

Kisha pitia picha zote ukijiuliza swali hili: *mtu ambaye hakuwepo ataona nini hapa?* Kama jibu linaanza na "tulikuwa tumetoka…", hiyo ni picha ya albamu ya familia. Itunze, ina thamani yake, lakini usiipeleke mbele ya watu usiowajua ukitegemea waisifu.

Bakiza tano. Wape wale wawili wako waone. Anayejua picha akwambie ipi itoke. Anayejua mahali akwambie kama majina ni sahihi, na kama kuna kitu kisichofaa kuonyeshwa, kwa mfano sehemu ya matambiko au njia ya mkato inayopita shambani kwa mtu.

## Hatua ya 4: Nyoosha kwanza, rangi baadaye

Malalamiko mawili yanayorudi kuliko yote ni upeo uliopinda na rangi zilizokolezwa. Yote mawili yanatibika ndani ya dakika tano.

Upeo. Mlimani hakuna bahari ya kukuonyesha usawa, na mteremko unadanganya macho. Ukinyoosha picha kwa kufuata mgongo wa mlima utaipinda zaidi. Tafuta kitu kinachosimama wima au kinacholala sawa kwa asili yake: nguzo ya umeme, ukuta wa nyumba, maji ya bwawa, tambarare ya mbali. Nyoosha kwa hicho.

Mwanga. Punguza sehemu zinazong'aa, kisha ongeza kidogo kwenye vivuli. Ukivipandisha sana, mlima unakuwa wa kijivu kama umepakwa majivu.

Rangi. Kijani ndicho kinachotuponza. Mashamba ya chai yana kijani kikali tayari, ukikiongeza kinakuwa cha plastiki. Mimi hupima kwa udongo. Udongo wa Usambara ni mwekundu wa matofali. Nikianza kuona rangi ya chungwa lililoiva, nimevuka, narudi nyuma. Ngozi ya mtu aliyemo kwenye picha nayo ni kipimo kizuri.

Kwa WhatsApp, kumbuka picha hubanwa na kupoteza ubora. Chagua ubora wa juu kabla ya kutuma. Ukituma kama hati, picha inafika kama ilivyo, lakini inaweza kubeba pia taarifa za mahali ulipopigia, kama simu ilikuwa imeruhusiwa kuzirekodi. Usitume hivyo picha iliyopigwa nyumbani kwako au kwa mwenyeji wako.

Umefaulu ukiona: umeweka picha ya asili na iliyohaririwa kando kwa kando, na rafiki aliyekuwa nawe mlimani anasema "ndivyo palivyokuwa."

## Hatua ya 5: Maelezo ya picha yaseme unataka nini

Hapa ndipo vita vingi vinapoanzia. Picha isiyo na neno inamwachia kila anayepita aamue mwenyewe imeletwa kwa ajili gani. Mwenye kamera ataihukumu kama mashindano, shangazi ataihukumu kama habari za mtoto wake.

Andika mambo manne, kwa sentensi fupi: ni wapi, ni lini, kitu kimoja ambacho mtu hawezi kukiona kwenye picha, na unachotaka kwa msomaji. Mfano:

> "Irente, Lushoto, saa moja na robo asubuhi. Kivuli kilichoko chini ni cha mlima tuliosimama juu yake. Naweka kwa ajili ya kumbukumbu na kwa anayetaka kwenda; ukiwa na swali la njia, uliza."

Au, kama kweli unataka kufundishwa:

> "Naomba ushauri kwenye kitu kimoja: bonde limekuwa jeusi. Ungefanyaje kwa simu?"

Ukiomba maoni, omba juu ya jambo moja. "Mnaionaje?" ni mlango ulioachwa wazi kabisa, na atakayeingia huna haki ya kumlalamikia.

Tahadhari ya usalama: posti ukishashuka, usiposti ukiwa bado juu. Hasa kama mko wachache, au wewe ni mwanamke unayetembea peke yako, mtandao hauhitaji kujua mmelala kambi gani usiku huu.

## Hatua ya 6: Weka mipangilio kabla ya kubonyeza

Utaratibu huu ufanywe ukiwa umetulia, si baada ya kutukanwa.

Kwenye Instagram unaweza kuandika orodha ya maneno ambayo komenti zenye nayo zitafichwa. Usitegemee kichujio cha jumla kijue matusi ya Kiswahili. Yaandike mwenyewe, pamoja na yale yanayoandikwa kwa kukatishwa herufi. Unaweza pia kumwekea mtu kizuizi kimyakimya: anaendelea kuandika, lakini komenti zake anaziona yeye na wewe tu mpaka uziruhusu. Facebook ukificha komenti, aliyeiandika na marafiki zake bado wanaiona. Inapunguza kelele, haifuti.

Kisha weka simu chini. Kaoge, kale, kaoshe viatu vile vyenye tope. Anayekaa akisubiri laiki ya kwanza ndiye anayechomwa zaidi na komenti ya kwanza.

## Hatua ya 7: Menya komenti kabla ya kuijibu

Nilipoanza kuposti, mtu mmoja aliniandikia chini ya picha ya machweo: "Picha mbovu. Anga limeungua, kajifunze kwanza ndo uje." Nilikaa na maneno hayo siku mbili. Siku ya tatu nikayaandika kwenye daftari, nikakata kila neno linalonihusu mimi. "Mbovu" likatoka, "kajifunze" likatoka, "ndo uje" likatoka. Yakabaki mawili, nikayafanya matatu: *anga limeungua kidogo?* Neno "kidogo" niliongeza mwenyewe, kwa kujionea huruma. Nikafungua picha, nikaivuta. Kweli, pembeni mwa jua kulikuwa na doa jeupe kubwa lisilo na kitu. Ile hatua ya kugusa anga na kushusha mwanga niliyokueleza hapo juu niliipata kwa njia hiyo.

Fanya hivyohivyo. Toa kila neno linalokuhusu wewe, acha yanayohusu picha. Kilichobaki kitaangukia kwenye moja ya haya:

Ukweli. Jina la mahali, urefu, mmea, historia. Kinathibitika. Kikague leo hii.

Ufundi. Upeo, mwanga, picha kutokuwa kali. Kinapimika. Fungua picha, washa gridi, angalia.

Ladha. "Ningeweka mti kushoto." "Nyeusi na nyeupe ingependeza." Hakuna aliyekosea hapa. Ni macho ya mtu mwingine, na mara nyingine yanakupa wazo.

Wasiwasi. Hiki kinajificha ndani ya lawama, hasa kwenye grupu la familia. "Huko porini unatafuta nini?" akiandika mama mdogo, hazungumzii picha.

Hakibaki kitu. Umekata maneno yote na daftari ni tupu. Basi hapakuwa na ukosoaji, na hatua yako ni ya 9.

## Hatua ya 8: Jibu kulingana na kilichobaki

Kwa *ukweli*, shukuru, sahihisha, acha alama ya kusahihisha. Niliwahi kuandika "Irente" kwenye picha niliyopigia Mambo, upande mwingine kabisa wa Usambara. Mzee mmoja akaandika: "Mwanangu, hapo si Irente, ni Mambo. Hiyo tambarare ni ya Mkomazi, mimi ni mzaliwa wa huko." Nilimjibu: "Shikamoo mzee. Ahsante, nimesharekebisha. Kile kilima cha mbele kinaitwaje?" Aliniandikia aya nne: majina ya vilima, njia ya zamani ya kushukia sokoni, na mahali ambapo Kilimanjaro inaonekana siku ya anga safi. Maelezo hayo yamekuwa na faida kuliko picha yangu.

Kwa *ufundi*, kama ni kweli: "Kweli mkuu, upeo umelalia kulia. Nitanyoosha." Kama si kweli, sema ulichokikagua: "Nimepima kwa nguzo ya umeme, iko sawa; ni mteremko wenyewe." Usijieleze zaidi ya hapo. Usitaje simu yako ni ya bei gani wala mvua ilinyesha kiasi gani.

Kwa *ladha*: "Ahsante kaka, nitaijaribu siku nyingine." Huna deni la kukubali wala la kubisha.

Kwa *wasiwasi*, jibu wasiwasi: "Shikamoo mama mdogo. Tulikuwa watu sita na mwenyeji wa kijijini, na tumeshashuka salama." Utaona mazungumzo yanavyobadilika.

Kuna wale wajuaji ambao kila picha ya mtu wanaifungulia darasa. Mjibu mara moja kwa heshima. Akirudi, mwambie ahsante. Akirudi tena, nyamaza. Watu wengine wanasoma, na wanajua nani anazungumzia picha na nani anajizungumzia mwenyewe.

Tahadhari: usifute picha siku hiyo hiyo. Lala kwanza. Isipokuwa aliyemo kwenye picha ameomba iondolewe, au umeonyesha kitu kinachoweza kumdhuru mtu. Hapo futa sasa hivi, bila kujitetea.

Umefaulu ukiona: unaweza kusoma jibu lako kwa sauti mbele ya mtu unayemheshimu.

## Hatua ya 9: Matusi, mwili na vitisho

Wanawake wanaopanda milima wananiletea jambo ambalo wanaume hawaniletei kabisa. Picha ni ya mlima, wao wamesimama pembeni na suruali ya kupandia, na komenti zinahusu mapaja, ndoa, na nani alikuwa nao kwenye hema. Huo si ukosoaji, na dada usijilazimishe kuuchukulia kama ukosoaji. Hauna cha kukufundisha.

Piga skrinishoti inayoonyesha jina la akaunti na tarehe. Futa komenti. Mpige bloku. Ripoti kwenye mtandao wenyewe. Usijibu hata kwa utani, kwa sababu jibu lako linamrudisha. Waombe marafiki wasijibu kwa niaba yako.

Kama kuna vitisho, au mtu anakufuata akaunti hadi akaunti, peleka skrinishoti hizo polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018. Zote mbili zinagusa unyanyasaji wa mtandaoni. Bila ushahidi uliohifadhiwa kabla ya kufuta, ni vigumu kusaidiwa.

Na ninyi wengine mnaopita: mkiona komenti ya namna hiyo, iripotini. Mwenye picha asiachwe peke yake na kazi hiyo.

## Hatua ya 10: Rudi mlimani na kosa moja

Weka ukurasa mmoja kwenye daftari. Kila ukosoaji wa ufundi ulioukagua na kuukuta ni kweli, uandike. Ukijirudia, uwekee alama. Ukifika alama tatu, hilo ndilo unalobeba safari ijayo, peke yake. Ukibeba makosa matano utashika simu siku nzima na hutauona mlima.

Kama ni upeo, safari nzima pima upeo tu. Piga picha mahali palepale, saa ileile, kisha ziweke kando kwa kando na ile ya zamani. Mimi nina picha mbili za Irente kwenye simu, za misimu miwili tofauti. Ya kwanza ina lile doa jeupe pembeni mwa jua. Ya pili ina mawingu membamba mahali palepale, na ukivuta karibu unaiona barabara ya Mombo ikipita kati ya mikonge.